Jinsi ya Kumsikiliza Adelina Patti: Mwongozo Kamili wa Maisha na Santuri za Malkia wa Opera

Wengi wanaosikia santuri ya Adelina Patti kwa mara ya kwanza huizima kabla haijafika nusu. Mkwaruzo umejaa, piano inasikika kana kwamba iko chumba cha pili, na sauti yenyewe ni ya bibi wa miaka 62 ambaye pumzi inamkatikia njiani. Msikilizaji anabaki kujiuliza: huyu ndiye aliyelipwa dola 5,000 kwa usiku mmoja? Huyu ndiye ambaye mtunzi wa opera Verdi alimwona kuwa msanii kamili, mwimbaji na mwigizaji kwa mizani ile ile?

Ndiye. Nami naandika mwongozo huu kwa sababu naona ni hasara kubwa kwa mpenzi yeyote wa muziki kumpita mwanamke huyu eti kwa kuwa rekodi zake ni chakavu. Patti alipanda jukwaani mwaka 1859, mtunzi Rossini akiwa hai na Verdi hajaiandika bado opera yake ya Aida. Alilelewa nyumbani kwa waimbaji wa Kiitalia wa kizazi cha kabla yake. Hakuna soprano (mwimbaji wa kike wa sauti ya juu) mwingine mwenye jina kama lake ambaye sauti yake imetufikia kutoka mbali kiasi hicho. Ujana wa ile sauti hatutausikia tena, lakini namna ya kuimba imebaki, na namna hiyo haifundishwi popote siku hizi. Hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Utahitaji hedifoni nzuri, kompyuta au simu yenye intaneti, daftari, kalamu ya risasi, na utulivu. Usifanye hatua zote kwa siku moja.

Hatua ya 1: Yapange maisha yake kwenye mstari wa miaka

Usianze na santuri. Chora mstari kwenye daftari, uandike 1843 mwanzoni na 1919 mwishoni, kisha ujaze katikati. Santuri za Patti zinaeleweka tu ukijua ziko wapi kwenye mstari huo, na ziko karibu kabisa na mwisho.

Alizaliwa Madrid tarehe 19 Februari 1843, wazazi wake wakiwa Hispania kwa kazi ya kuimba. Baba, Salvatore Patti, alikuwa mwimbaji wa sauti ya tenor kutoka Sicily. Mama, Caterina Barili, alikuwa soprano. Familia ilihamia New York naye akiwa bado mdogo, na huko alianza kuimba mbele ya watu akiwa mtoto wa miaka saba au minane hivi. Aliyemfundisha na kumsimamia kwa miaka mingi ni shemeji yake Maurice Strakosch, mume wa dada yake Amalia. Mwaka 1857 alizunguka visiwa vya Karibi pamoja na mpiga piano Louis Moreau Gottschalk. Kwa hiyo binti huyu alipopewa opera nzima kwa mara ya kwanza, alikuwa mzoefu wa jukwaa tayari.

Opera hiyo ilikuwa Lucia di Lammermoor, kwenye ukumbi wa Academy of Music, New York, tarehe 24 Novemba 1859. Alikuwa na miaka 16. Tarehe 14 Mei 1861 alisimama Covent Garden, London, akiwa Amina kwenye La sonnambula ya Bellini, na toka usiku huo Ulaya ikawa yake. Zungushia duara tarehe hiyo na jina la Amina, tutalirudia.

Kuanzia hapo orodha ni ndefu: Paris, Vienna, St. Petersburg, Italia, Marekani tena na tena. Mwaka 1867 alikuwa Juliette wa kwanza London katika opera ya Gounod. Mwaka 1876 alikuwa Aida wa kwanza wa jiji hilo. Kinasimuliwa kisa kwamba alipomwimbia Rossini aria (wimbo wa mtu mmoja ndani ya opera) ya mhusika wake Rosina ikiwa imejaa mapambo, mzee alimsifu kisha akamuuliza ni nani aliyetunga wimbo ule. Iwe ilitokea hivyo hasa au la, kisa hicho kinaonyesha kitu cha kweli: waimbaji wa kizazi chake waliona ni haki yao kuongeza, kupunguza na kupamba. Mwaka 1885 alijaribu Carmen na haikumfaa hata kidogo. Andika hilo pia, maana linaonyesha mipaka yake: ulikuwa mhusika wa giza na ukali, naye alikuwa mwimbaji wa mwanga.

Pesa nazo zina nafasi kwenye mstari huu. Kwenye ziara za Marekani miaka ya 1880 alidai dola 5,000 kwa kila onyesho, na zilipwe kabla hajaingia jukwaani. Meneja wake James Henry Mapleson alisimulia jinsi jioni moja pesa zilivyopungua, na wakala wa Patti akaleta habari kwamba bibie ameshavaa nguo zote isipokuwa viatu. Viatu vitavaliwa fedha ikitimia. Wapo wanaomcheka kwa hilo. Mimi namheshimu. Katika biashara ambayo mameneja walifilisika kila msimu na wasanii kuachwa mikono mitupu, mwanamke huyu alijua thamani ya kazi yake na hakukubali kukopwa.

Kwa mapato hayo alinunua jumba la Craig-y-Nos mwaka 1878, kwenye bonde la juu la Swansea huko Wales. Mwaka 1891 akafungua humo ukumbi wake mwenyewe wa michezo, wenye sakafu inayoweza kuinuliwa ikawa sawa na jukwaa ili watu wacheze dansi, na pazia lenye picha yake akiendesha gari la farasi kama Semiramide, malkia katika opera ya Rossini. Aliolewa mara tatu: na Marquis de Caux mwaka 1868, na mwimbaji wa tenor Ernesto Nicolini mwaka 1886 baada ya uhusiano uliozungumzwa sana, kisha mwaka 1899 na Baron Rolf Cederström wa Sweden, aliyekuwa mdogo wake kwa zaidi ya robo karne. Huyu wa tatu mweke akilini, kwani yumo kwenye mojawapo ya santuri.

Aliaga jukwaa la London rasmi tarehe 1 Desemba 1906, Royal Albert Hall. Akarudi humo humo Oktoba 1914 kuchangia Msalaba Mwekundu, vita vikiwa vimeanza. Alifariki Craig-y-Nos tarehe 27 Septemba 1919, akazikwa makaburi ya Père-Lachaise, Paris.

Hatua ya 2: Elewa jinsi santuri zilivyorekodiwa kwenye vyumba vya kulala vya Craig-y-Nos

Hapa ukae kidogo, maana bila hatua hii utamlaumu mwimbaji kwa makosa ya mashine.

Gramophone Company, kampuni ya santuri ya London, ilikuwa imemwinda Patti kwa muda. Desemba 1905 mafundi wake wa kurekodi, ndugu wawili Fred na Will Gaisberg, walifunga safari hadi Craig-y-Nos na mitambo yao. Patti hakwenda studio, studio ndiyo iliyomfuata. Mitambo ilipangwa kwenye vyumba viwili vikubwa vya kulala, pazia likatundikwa mbele ya mashine, na kilichoonekana upande wa mwimbaji ni mdomo wa pembe ya kunasia sauti tu. Piano iliinuliwa juu ya masanduku ya mbao ili sauti yake ilingane na pembe. Aliyepiga piano ni Landon Ronald. Juni 1906 walirudi tena, safari hiyo piano ikapigwa na Alfredo Barili, mtoto wa kaka yake Patti kwa upande wa mama.

Hapakuwa na maikrofoni wala umeme katika kazi hiyo. Sauti ya mtu iliingia kwenye pembe, ikatikisa kiwambo chembamba, kiwambo kikatikisa sindano, na sindano ikachora mfereji kwenye sahani nene ya nta iliyokuwa ikizunguka. Basi. Nguvu yote iliyochora mfereji ilitoka kwenye mapafu ya mwimbaji. Nta ile haikuweza kusikilizwa palepale bila kuharibika, kwa hiyo aliyetaka kujisikia papo hapo alilazimika kupoteza rekodi.

Mashine hiyo ilikuwa na udhaifu miwili uliowaumiza masoprano kuliko wengine.

Wa kwanza ni nguvu. Noti ya juu iliyopigwa kwa nguvu karibu na pembe ilipasua mfereji, ikatoka kama kelele. Fred Gaisberg ameeleza kwamba Patti alipofika kwenye noti hizo alimshika na kumvuta nyuma taratibu. Fikiria: malkia wa opera, ndani ya nyumba yake mwenyewe, anavutwa na fundi. Alikasirika. Alipokuja kuzisikia santuri, Gaisberg anasema, alifurahi kama mtoto na akamsamehe. Landon Ronald naye alisimulia kwamba Patti aliposikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye pembe alisema kwa Kifaransa kuwa sasa ameelewa kwa nini yeye ni Patti.

Udhaifu wa pili ni wa fizikia. Pembe na kiwambo vilinasa sauti za katikati vizuri, lakini za juu sana zilipotea. Do ya juu ya soprano, kwa upimaji wa leo, ni mitetemo kama 1,047 kwa sekunde. Rangi na utamu wa noti hiyo hutokana na mitetemo mingine inayopanda pamoja nayo: 2,093, 3,140 na kuendelea. Sehemu kubwa ya hiyo haikufika kwenye nta. Kilichobaki ni kiini kitupu, chembamba kama filimbi. Sauti ya mwanamume iko chini zaidi, hivyo sehemu kubwa ya rangi yake iliingia, na ndiyo sababu mwimbaji wa tenor Caruso, ambaye Gaisberg alimrekodi Milan mwaka 1902, anasikika amejaa na masoprano wa wakati ule wanasikika wamekonda. Hawakuwa wamekonda.

Ongeza na muda. Upande mmoja wa sahani ya inchi 12 ulibeba dakika nne hivi, na sahani zenyewe zilikuwa za upande mmoja. Aria ndefu ilikatwa au ikaharakishwa. Ukimsikia Patti anaruka utangulizi wa piano, ujue saa ndiyo iliyomfukuza.

Santuri hizo zilitoka mapema 1906 zikiwa na lebo ya waridi yenye jina lake, bei shilingi 21 za Kiingereza moja. Kwa jumla zipo zaidi ya 30 ukihesabu nyimbo zilizorekodiwa zaidi ya mara moja.

Hatua ya 3: Tafuta nakala inayofaa

Santuri zenyewe za asili zinauzwa ghali na huhitaji mashine maalumu, kwa hiyo anza na nakala za kidijitali. Internet Archive ina nyingi za bure. Kisheria nako njia iko wazi: Marekani, rekodi zote zilizochapishwa kabla ya 1923 ziliingia kwenye milki ya umma, yaani hazina tena haki miliki, tarehe 1 Januari 2022. Kwa tarehe na nambari za sahani, tumia Discography of American Historical Recordings ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Ukitaka kazi ya fundi aliyebobea na uko tayari kulipa, kampuni ya Marston ilitoa mkusanyo kamili wa Patti pamoja na baritoni Victor Maurel. Ward Marston ni mtu anayeheshimiwa sana katika kazi hii, na kwangu huo ndio mkusanyo wa kuanzia na wa kumalizia.

Ukikuta nakala kadhaa za wimbo mmoja kwenye intaneti, utavutiwa na iliyo safi. Kuwa mwangalifu. Nakala nyingi "safi" zimesafishwa na programu hadi mkwaruzo ukaondoka na sehemu ya sauti ikaondoka nao. Jaribu hivi: sikiliza mwisho wa noti ndefu, pale sauti inapofifia. Ikififia pole pole na kuzama ndani ya mkwaruzo, nakala ni nzuri. Ikikatika ghafla, au ikisikika kana kwamba mtu anaimba chini ya maji, iache. Chagua yenye mkwaruzo. Sikio huuzoea baada ya dakika chache, lakini sauti iliyofutwa hairudi.

Epuka pia nakala zilizoongezewa mwangwi au okestra ya kisasa.

Hatua ya 4: Hakikisha mwendo wa sahani

Hatua hii huachwa na wengi, nayo ndiyo inayoharibu zaidi. Tumezoea kusema santuri za zamani zinazunguka mara 78 kwa dakika. Mwaka 1905 kiwango hicho hakikuwa kimekaa sawa; mafundi walitumia mwendo wa chini kidogo au wa juu kidogo. Sahani iliyorekodiwa kwa mizunguko 73.6 ikichezwa kwa 78, kila kitu kinapanda nusu toni. Mwimbaji anaharakishwa, mtetemo wa sauti unakuwa wa wasiwasi, na bibi wa miaka 62 anageuka kitoto.

Namna ya kukagua nyumbani:

Pakua faili na uifungue kwenye Audacity, ambayo ni programu ya bure. Tumia amri inayobadilisha mwendo na kimo cha sauti kwa pamoja. Usitumie ile ya kubadilisha mwendo peke yake, kwani inaharibu uhusiano wa vitu hivyo viwili. Punguza asilimia moja moja hadi karibu asilimia 6, na kila mara sikiliza irabu, hasa "a" na "o". Mwendo ukiwa mkubwa mno, irabu zinabanwa puani. Ukiwa mdogo mno, zinakuwa nzito na mtetemo unayumba. Katikati kuna mahali ambapo ghafla unamsikia mtu. Ukifika hapo utajua.

Kisha ushahidi wa pili, piano. Piga noti ya kwanza ya wimbo kwenye kinanda au programu ya simu uone inaangukia ufunguo gani. Tahadhari: waimbaji wenye umri mkubwa walishusha ufunguo wa aria ili wazimudu, kwa hiyo usilazimishe ufunguo wa kwenye kitabu. Kimo kikiwa katikati ya funguo mbili, rudi kwenye irabu.

Na kuna msaada mmoja wa pekee. Miongoni mwa rekodi hizo ipo ambayo Patti haimbi. Anazungumza, kwa Kifaransa, akimtakia mumewe Cederström heri ya mwaka mpya. Isikilize hiyo kabla ya zote. Sauti ya mtu anayeongea tunaijua sote tangu utotoni, na sikio hugundua mara moja ikiharakishwa. Ukishaijua sauti yake ya mazungumzo, una kipimo cha kupimia nyimbo.

Hatua ya 5: Sikiliza kwa mpangilio huu

Pata noti za nyimbo hizi kwenye tovuti ya IMSLP, ni bure. Hata kama husomi muziki vizuri, maneno yaliyo chini ya mistari yatakuongoza. Weka alama tatu kwa kalamu ya risasi: mshale pale sauti inapoteleza kutoka noti moja hadi nyingine, mkato pale anapovuta pumzi, na wimbi pale mwendo unapovutwa au kukimbizwa.

Anza na "Home, Sweet Home" ya 1905. Ni wimbo mwepesi wa Henry Bishop ambao hadhira zilimdai kila alikokwenda. Inasimuliwa kwamba mwaka 1862 aliwaimbia Rais Lincoln na mkewe huko Ikulu ya Marekani, wakiwa kwenye msiba wa mtoto wao Willie. Usitafute noti za juu hapa. Sikiliza jinsi maneno yanavyotoka wazi, na jinsi anavyokawia kidogo kabla ya neno analotaka likuguse.

Kisha "Voi che sapete" ya Mozart, 1905, wimbo wa kijana Cherubino anayewauliza akina mama kama hiki anachokihisi ndicho mapenzi. Isikilize mara moja bila kalamu. Mara ya pili weka mawimbi. Utashangaa yalivyo mengi. Mwimbaji wa leo huimba wimbo huu kwa mwendo thabiti, kwa heshima kwa Mozart. Patti anakimbia, anasita, anavuta, na piano ya Ronald inamfuata kama kivuli. Baadaye sikiliza rekodi yoyote ya kisasa ya wimbo huo huo, uweke noti zile zile mbele yako. Karatasi ni moja lakini utasikia desturi mbili. Sisemi ya Patti ndiyo Mozart aliyoitaka. Nasema kijana aliyechanganyikiwa na mapenzi anaaminika zaidi akiyumba.

Ya tatu ndiyo kiini cha mwongozo huu: "Ah! non credea mirarti", iliyorekodiwa Juni 1906. Huyu ni Amina, yule yule wa 14 Mei 1861. Miaka 45 imepita. Kwenye hadithi, Amina anatembea usingizini akiwa ameshika maua aliyopewa na mchumba wake, yamenyauka, naye anasema hakuamini kwamba angeyaona yakifa upesi hivyo. Mashaka yote niliyokuwa nayo juu ya sifa za Patti yaliishia kwenye santuri hii.

Fuata mstari wa kwanza tu, na uurudie. Angalia mishale: hapandi noti kama mtu anayepanda ngazi, anateleza, na kila mtelezo una uzito wake, mmoja ni mwepesi usioonekana, mwingine ni mzito kama kilio. Tega sikio kwenye noti za chini. Zina giza na nguvu isiyotarajiwa kwa sauti iliyosifika kwa wepesi. Angalia mikato: ndiyo, anavuta pumzi mahali ambapo mwimbaji wa miaka 25 asingevuta. Lakini tazama anapoivuta, mara nyingi ni pale ambapo mtu mwenye huzuni angekatikiwa na neno. Umri umemnyima pumzi, naye ameugeuza upungufu kuwa sehemu ya maana. Kisha subiri pale noti mbili jirani zinapopokezana kwa kasi. Kwa waimbaji wengi hiyo ni nafasi ya kuonyesha ustadi. Kwake ni mtetemeko wa mtu anayekaribia kuamka.

Baada ya hiyo pumzika. Siku nyingine pata "La calesera" ya Sebastián Yradier, wimbo wa Kihispania, uone yule bibi wa Craig-y-Nos akichangamka kiasi cha kukufanya utabasamu peke yako. "Batti, batti" kutoka Don Giovanni nayo ni ya raha. "Casta diva", aria ya Bellini kutoka opera ya Norma, iache mwisho. Ni mzigo mzito kwa umri ule, na anayeanza nayo hukata tamaa. Anayemaliza nayo atasikia jinsi alivyoijua njia hata pale miguu ilipochoka.

Hatua ya 6: Mpime kwa waliomzunguka

Sikio linahitaji jirani wa kulinganisha. Wa kwanza ni soprano Nellie Melba wa Australia, aliyezaliwa 1861, mwaka ule ule Patti alipoingia Covent Garden. Alirekodiwa nyumbani kwake London mwaka 1904 kwa pembe, na tarehe 8 Juni 1926 usiku wake wa kuaga Covent Garden ulirekodiwa kwa maikrofoni. Sikiliza rekodi hizo mbili mfululizo. Mwimbaji ni yule yule, ameongezeka miaka 22, lakini sauti ya 1926 ina nafasi, mwili na rangi ambazo pembe ya 1904 ilizimeza. Sasa rudi kwa Patti, na kwa akili yako mwongezee kile kilichoongezeka kwa Melba. Zoezi hili linafaa kuliko maelezo yoyote.

Jirani wa pili ni silinda (mitungi ya nta ya kurekodia sauti) za Lionel Mapleson, mkutubi wa Metropolitan Opera ya New York, aliyerekodi maonyesho yenyewe jukwaani mwanzoni mwa karne ya 20. Zimechakaa vibaya sana. Lakini kwenye vipande vya Melba vya 1901 unasikia sauti ya soprano ikiruka ndani ya ukumbi mkubwa, umati ukilipuka, na unaelewa kwamba sauti hizi zilijengwa kwa ajili ya umbali. Pembe iliyokaa karibu na uso ilikuwa mahali pabaya kabisa pa kuzisikilizia.

Jirani wa tatu yuko kwetu. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kutoka Zanzibar kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, kampuni ilikuwa ile ile ya akina Gaisberg, kwa nembo ya His Master's Voice. Maikrofoni ilikuwa imeshaingia, kwa hiyo Siti alipata haki ambayo Patti hakuipata. Muziki ni mwingine kabisa na sitaki kuulazimisha ufanane. Ila msikilizaji wa taarabu ana faida moja mbele ya Patti: sikio lake halishtuki sauti ikiteleza kati ya noti, mwendo ukinyumbuka, au mstari ukipambwa tofauti kila unaporudi. Mzoefu wa muziki wa okestra za leo ndiye anayepaswa kulijifunza hilo upya. Wewe tayari unalo, litumie.

Hatua ya 7: Tunza kumbukumbu zako

Kwa kila wimbo fungua ukurasa mmoja wenye mambo haya: jina, mtunzi, mwezi na mwaka wa kurekodiwa, mpiga piano, nakala uliyotumia, na asilimia uliyopunguza au kuongeza kwenye mwendo. Hilo la mwisho ni muhimu; bila hilo, mwezi ujao utasikiliza nakala nyingine na kudhani Patti amebadilika. Chini yake nakili mishale, mikato na mawimbi yako. Faili uliyorekebisha iweke kando na ile ya asili, kamwe usiandike juu ya ya asili.

Usihukumu wimbo wowote kwa usikilizaji wa kwanza. Andika hukumu mara ya tatu.

Wanaoishi Uingereza wana nafasi ya ziada. Jumba la Craig-y-Nos lingali pale bondeni, na ukumbi wake wa michezo upo ndani yake. Bustani ya vioo ya majira ya baridi ambayo Patti aliwapa watu wa Swansea ilihamishiwa mjini, ikawa Patti Pavilion, na inatumika hadi leo kwa maonyesho.

Ukurasa wa mwisho wa Patti ukijaa, fungua wa soprano wa Kijerumani Lilli Lehmann. Alizaliwa 1848, miaka mitano tu baada ya Patti, na mwaka 1876, Patti alipokuwa Aida London, yeye alikuwa Bayreuth, Ujerumani, akiimba kwenye onyesho la kwanza la Ring, mfululizo wa opera nne za Wagner. Alirekodiwa Berlin kati ya 1905 na 1907, kwa pembe vilevile, akiwa na umri unaokaribiana na wa Patti. Shule yake ni tofauti kabisa, sauti yake ni tofauti kabisa. Tumia alama zile zile tatu, na uanze na mwendo.